Gari Linanesa: Majina ya Kukopa, Vitenzi vya Kwetu

Mtanzania akisikia "gari la wazi" hukumbuka uwanja wa taifa siku ya sherehe: Rais kasimama kwenye Land Rover, mkono juu, majukwaa yakishangilia. Maana hiyo imeota mizizi. Mwambie jirani umenunua gari la wazi, atakuuliza unagombea jimbo gani. Nilipoinunua MGB ya mwaka 1966, gari dogo la Kiingereza la viti viwili na paa la turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma ya viti, nilianza kutaabika na jina hata kabla sijashika spana.

Wazungu wenyewe hawajaafikiana. Kabrioleti ni neno la Kifaransa lenye asili ya mruko wa mbuzi. Lilipewa jina hilo gari jepesi la farasi, la magurudumu mawili, kwa jinsi lilivyorukaruka njiani. Rodista alikuwa farasi wa safari kabla hajawa gari. Spaida ni gari la farasi lililopewa jina la buibui kwa wembamba wa magurudumu yake. Hata dashibodi, ambayo leo ina saa na taa, ilikuwa ubao wa kumkinga mwendeshaji na tope lililorushwa na kwato. Msamiati wao umetoka zizini. Wetu umetoka baharini: usukani ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa gari, na neno "gari" lenyewe lilivuka maji kutoka Bara Hindi. Mpaka leo mikutano na michuano "hung'oa nanga" Dodoma, pasipo na tone la maji ya chumvi.

Sifa ya umri nayo ina mitego. "Kuukuu" ni karibu na tusi, kwani kitu kuukuu kinangoja kutupwa. "La zamani" halisemi mengi, maana gari la juzi nalo huwa la zamani toleo jipya likitoka. "La kale" hulipeleka moja kwa moja makumbusho. Nimeshika "kongwe", kwa sababu mkongwe ni mzee ambaye bado anaulizwa neno. MGB inalistahili. Ilizinduliwa mwaka 1962, ikaundwa Abingdon, Uingereza, hadi 1980, na ukiijumlisha na ndugu yake mwenye paa la bati, ziliundwa zaidi ya 500,000. Herufi MG zenyewe ni kifupi cha Morris Garages, biashara ya William Morris mjini Oxford. Gereji imo ndani ya jina, na gereji ndiko nilikoipeleka, kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, na gari kongwe kwa mnunuzi ni kipya chenye vidonda vyake tayari.

Katika gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, istilahi haipitishwi na kikao. Fundi analala chini ya gari, anatoa mkono, anataja kitu, spanaboi anakileta. Akileta sicho, jina limefeli. Hakuna kamati yenye mtihani mkali kuliko huo, na MGB iliyafelisha majina mengi tangu ilipoingia.

La kwanza lilikuwa la spana. Fundi aliomba "kumi na mbili". Katika gereji zinazoishi kwa magari ya Kijapani, spana haina jina ila namba yake, na namba hiyo ni milimita ambazo hakuna anayezitaja. Kumi na mbili haikuingia kwenye nati. Kumi na tatu iliingia, ikapwaya, na nati ikaanza kuliwa kona. Nati zile ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, nayo haimo kwenye boksi la spana za kawaida. Tulipopata seti ya inchi, spanaboi akatambua kwamba "namba" aliyokuwa akiitamka kila siku ilikuwa jina la kipimo kimoja tu kati ya viwili. Mzee wa gereji ya jirani, aliyeanza kazi wakati barabara zimejaa magari ya Kiingereza, hakuhitaji somo. Yeye alisema tu, "Nipe nusu."

Kisa cha shokapu kilikuwa na mafunzo zaidi. Kwenye maandishi utaikuta "shokomzoba". Mtaani ni "shokapu". Fundi alimwambia kijana afungue shokapu za mbele. Kijana akainama, akamulika, akazunguka upande wa pili, akarudi: "Fundi, hii haina shokapu." Kwake shokapu ni bomba refu, maana kila gari alilowahi kulilalia chini lilikuwa na bomba hilo. Za MGB ni viboksi vya chuma vilivyojaa oili, vyenye mikono inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Mbele, mkono huo ndio unaoshika gurudumu upande wa juu. Kazi ni ileile ya kuituliza springi. Umbo ndilo jingine, na jina lilikuwa limegandana na umbo. Fundi hakubishana. Alibadili usemi: "Tafuta kinachozuia springi isirukeruke." Kijana akakishika mara moja.

Jina lilimpoteza, kitenzi kikamwongoza. Tangu hapo nikawa nasikiliza kwa sikio jingine. Majina ya vipuri tumeyakopa karibu yote: pistoni, gasketi, rejeta, difu, klachi, boneti, buti. Si aibu, Waingereza nao walikopa kwa Wafaransa bila kuomba radhi. Lakini msikilize fundi akieleza ugonjwa, utasikia Kiswahili kitupu. Injini inachemsha, inakohoa, inakula oili, inapumua. Klachi inateleza. Breki hazishiki. Stelingi inavuta kushoto. Tairi zinaliwa upande. Mkopo unakoma kwenye nomino.

Na vitenzi hivyo kila kimoja kina mahali pake. Nililalamika kwamba gari linatikisika. Fundi hakuridhika: "Inatikisika vipi, mzee? Inatetemeka, inacheza, inayumba au inanesa?" (Yeye hulipa gari ngeli ya i-, mimi li-, hatujagombana kwa hilo.) Ikitetemeka, usukani unakutetemesha mikono ukifika mwendo fulani, kisha unatulia ukiupita, hapo utazame balansi ya tairi. Ikicheza, pana nafasi pasipotakiwa nafasi: bushi imekwisha, au kingipini imelika kwa kukosa grisi, na ukiinua gurudumu kwa jeki, ukalishika juu na chini na kulisukasuka, utaisikia ikigonga. Ikiyumba, inavuka tuta halafu inaendelea kupanda na kushuka yenyewe. Shokapu zimeishiwa oili. Ikinesa, bodi yenyewe ndiyo inayojipinda na kurudi, kama tawi lililoachwa na ndege. Maneno manne, magonjwa manne, na kila ugonjwa una bei yake.

Langu lilikuwa linanesa. MGB haina chesisi ya peke yake, tofauti na MGA iliyoitangulia. Bodi ndiyo mgongo. Kwenye gari lenye paa la bati, paa husaidia kuukaza mgongo huo. Paa likiwa turubai, mzigo unaiangukia sakafu na viungo viwili vinavyopita chini ya milango. Fundi bodi alikitazama kiungo kile unachokivuka ukiingia garini, akakiita "kizingiti". Hakufungua kamusi. Mlango una kizingiti, na gari lina mlango. Spanaboi hakuuliza mara mbili.

Kizingiti cha MGB si bati moja. Ni matabaka matatu, moja limejificha katikati, na kutu huanzia ndani huku nje rangi ikiendelea kung'aa. Fundi bodi hakugusa rangi. Alichukua kipande cha kadibodi, akakipitisha kwenye mwanya wa ukingo wa nyuma wa mlango kuanzia chini kwenda juu. Chini kadibodi ilipwaya. Juu ikakwama. "Imelala," akasema. Gari limeinama katikati, ncha mbili zimesogeleana kwa juu, na milango imebanwa. Aliliinua polepole kwa jeki mpaka mianya ikalingana juu na chini, akachomelea vyuma vya kuishikilia bodi kukatiza nafasi za milango, kisha ndipo akawasha mashine ya kukatia. Angekata kwanza, bodi ingelala zaidi, na kizingiti kipya kingechomelewa juu ya ulemavu. Neno "imelala" lilikuwa limeshampa utaratibu wa kazi nzima: kilicholala huinuliwa kabla ya kufungwa.

Kwenye injini mambo yalikuwa hayohayo. MGB ina injini ya sentimita za ujazo 1,798 na kabureta mbili za SU. Kila kabureta ina pistoni yake, na chini yake kijipini ambacho ukikisukuma kidogo kwa kidole kinaiinua pistoni hiyo chini ya milimita moja. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, unasukuma na kusikiliza. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ukishuka au injini ikataka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukarudi, mchanganyiko ni sawa. Fundi wangu ana istilahi zake kwa hali hizo tatu: imeshiba, inaona njaa, imetulia. Marekebisho hufanywa kwa kuzungusha nati iliyo chini ya kabureta, upande mmoja wa nati kwa wakati mmoja. Ukiipandisha unapunguza mafuta, ukiishusha unaongeza. Kitabu cha gari kinaeleza kwa aya ndefu jambo ambalo yeye humaliza kwa kusema, "Ilikuwa imeshiba, nimeipunguzia."

Yapo pia maneno ya kazi yenyewe, nayo yanagombanisha watu. Kutengeneza ni kuondoa kasoro. Kukarabati ni kukirudisha kitu kilivyokuwa. Kuboresha ni kukipeleka kisikowahi kufika, na mbele ya wapenzi wa magari makongwe neno hilo linagawa baraza. Ukitoa pointi za distribyuta na kufunga mfumo wa elektroniki, umeboresha: gari linawaka upesi na mwanya wa pointi hauhitaji kupimwa tena. Anayekarabati atakwambia umelipunguzia ukongwe. Msimamo wangu ni kwamba breki, umeme na upozaji wa injini viboreshwe, kwa kuwa foleni ya Dar haikuwemo katika mawazo ya waliolibuni. Sura, usukani mwembamba na gia ya kwanza isiyo na sinkro vikarabatiwe tu. Gia hiyo ya kwanza hukulazimisha usimame kabisa kabla ya kuiingiza, na mimi sioni haja ya kuliponya gari adabu yake.

Umeme ndio uliotoa mtihani wa mwisho. Kwa fundi umeme wa leo, "ethi" na "hasi" ni kitu kimoja, kwa sababu magari yote yanayomfikia yamefungwa upande wa hasi wa betri kwenye bodi. MGB za miaka ile zilifungwa chanya. Mwaka 1966 ethi ya gari hili ilikuwa chanya, na redio ya kisasa ikifungwa humo kwa mazoea huungua. Maneno mawili yaliyokuwa yakilala kitanda kimoja yakatenganishwa: hasi na chanya ni pande za betri, ethi ni bodi, na bodi huweza kushika upande wowote. Tulibadilisha mfumo ukawa hasi, tukageuza nyaya za koili na kuielekeza upya dainamo. Fundi umeme sasa huuliza, "Imepigwa ethi upande gani?" kabla hajagusa gari lolote la umri ule.

Nimejiridhisha na "gari la kukunja paa". Ni refu kuliko kabrioleti, lakini lina kitenzi ndani yake, na asiyewahi kuliona gari lenyewe akilisikia atajua linafanya nini. Kigezo hicho nakiamini kuliko ufupi. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lililoundwa mwaka 1967, orodha za istilahi zimejaa nomino kurasa kwa kurasa, nazo zimetusaidia. Ila nomino hufuata umbo, na umbo la vyombo hubadilika kila baada ya miaka michache.

Magari mseto na ya umeme yameshaanza kuingia gereji zetu. Majina ya vipuri vyake yatakopwa, kama yalivyokopwa ya kabureta na difu, na baadhi yatafeli mbele ya spanaboi. Wenye dhamana ya istilahi waende gerejini mapema, wakasikilize mafundi wanasema gari hilo linafanya nini likiugua. Hapo watapata maneno yatakayodumu kuliko vipuri.