Mipaka ya Kisheria ya Kubadili Matumizi ya Ardhi Nchini Marekani

Katika historia ya mipango miji ya Marekani, desturi ya kugawa mji katika kanda, yaani maeneo yaliyotengewa kisheria makazi, biashara au viwanda, ilizua mapema mgogoro kati ya halmashauri na wenye ardhi. Mgogoro huo ulifika Mahakama ya Juu kutoka Euclid, mji mdogo ulio kando ya Cleveland, Ohio, ambao mwaka 1922 ulitunga sheria ndogo iliyozuia viwanda katika sehemu ya ekari 68 za kampuni ya Ambler Realty, ilhali kampuni ilidai kwamba ekari yenye thamani ya dola 10,000 kwa viwanda isingezidi dola 2,500 kwa makazi. Mwaka 1926 majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba hasara hiyo haikutosha kuibatilisha sheria, kwani ukanda hukiuka Katiba pale tu unapowekwa kiholela, bila uhusiano wa maana na afya, usalama au ustawi wa umma.

Wanaoishia hapo hupotoka, maana mwaka 1928 Jaji George Sutherland, aliyeandika hukumu hiyo, aliandika pia ile ya Nectow dhidi ya Jiji la Cambridge, Massachusetts. Huko ukanda wa makazi ulikata kipande cha upana wa futi 100 katika ardhi iliyopakana na viwanda, kikiwamo cha sabuni, na mnunuzi aliyekubali kulipa dola 63,000 akajitoa. Kwa kuwa ilithibitika kwamba umma haukunufaika na kizuizi hicho, mwenye ardhi alishinda.

Mabadiliko ya ukanda nayo yaliwekewa masharti katika sheria ya mfano iliyochapishwa na serikali kuu mwaka 1924: kanda zifuate mpango wa jumla wa mji, na iwapo wenye asilimia 20 ya ardhi inayohusika au inayopakana wakipinga, mabadiliko yapite kwa robo tatu ya kura za halmashauri. Sharti la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu juu yake mahakama zimebatilisha upendeleo wa kukipa kiwanja kimoja matumizi yanayonyimwa majirani. Mwaka 1973, katika kesi ya Fasano, Mahakama ya Juu ya Oregon iliamua kwa busara kwamba kubadili ukanda wa ardhi ya mtu mmoja ni kazi ya kihukumu, si ya kutunga sheria, na kwamba anayeomba mabadiliko ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa umma unayahitaji.