NJIA YA BABA KATIKA NCHI YA BURMA

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya pili. Aliporudi hakupenda kusimulia habari zake; alitaja mambo matatu tu, yaani mvua, homa, na daraja. Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kusafiri mpaka Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, nikataka kuyafahamu hayo matatu, ili wajukuu wake wasiachiwe fumbo.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Wakavuka bahari mpaka Ceylon, wakafundishwa vita vya msituni. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw, wakiwafukuza Wajapani katika majira ya mvua kubwa. Njia ikageuka tope, magari yakazama, na malaria ikawaangusha watu wengi. Hiyo ndiyo mvua ya baba, na hiyo ndiyo homa yake.

Mwezi wa Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Mafundi wa jeshi wakajenga hapo daraja la chuma lenye urefu upatao mita 350, nalo lilipita yote ya namna yake kwa urefu siku zile. Kwa daraja hilo jeshi la Jenerali Slim lilipata njia ya kuingia katikati ya Burma.

Mimi sikufika Kalewa, bali nilifika Taukkyan, kaskazini ya mji wa Yangon, penye makaburi ya vita. Wamezikwa hapo askari zaidi ya 6,000. Tena juu ya nguzo za mawe yamechongwa majina karibu 27,000 ya wale wasio na kaburi lijulikanalo. Kati ya majina ya Waingereza na Wahindi niliyaona ya Keya, majina ya kwetu, kama yale yaitwayo darasani kila asubuhi. Maneno ya ukumbusho yameandikwa kwa lugha tano, lakini Kiswahili, kilichowaunganisha wengi wao kambini, hakimo.

Ndipo nilipofahamu sababu ya kimya cha baba. Yeye alirudi, wenzake walibaki.

Enyi walimu na wazazi, askari wale karibu wote wamekwisha kufa. Waulizeni watoto wao, mkaandike jina la kila mmoja, kikosi chake, na mahali alikopita. Jiwe laweza kutunza jina. Habari za mtu hutunzwa na jamaa zake.