Kutibu jeraha la moyo: «pole» peke yake haitoshi

Wakaaji wa komini Annexe wanajua namna usiku wa Lubumbashi unaweza kuwa mrefu. Wezi wenye bunduki wanavunja mlango, wanachukua simu na pesa, wanapiga baba wa nyumba mbele ya watoto, halafu wanakwenda. Asubuhi majirani wanafika, wanasema pole, wanasaidia kutengeneza mlango. Nyuma ya miezi miwili mlango uko mupya, lakini mama wa nyumba bado halali. Mbwa akibweka tu, roho inaanza kupiga mbio.

Hali hiyo inaitwa kiwewe, ao jeraha la moyo. Wengi wanaijua kwa Kifaransa kama traumatisme. Inatokea wakati mtu amepita katika hatari kubwa, ao ameona mwenzake akiumizwa. Kichwa na mwili vilijifunza kuogopa, na havijajua bado kama hatari imekwisha.

Wenye jeraha hilo ni wengi kati yetu

Hapa Annexe, mwezi wa 9 mwaka 2020, wafungwa waliasi ndani ya gereza kuu la Kasapa, na wanawake waliofungwa humo walibakwa kwa siku kadhaa. Tarehe 14 Februari 2021, watu wenye silaha walishambulia kambi ya wanajeshi ya Kimbembe. Kuna jamaa zilizokimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono. Kuna pia waliotoka Kivu, hasa tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025. Ongeza ajali za barabara, ajali za machimbo na vipigo vya ndani ya nyumba.

Namna ya kutambua

Mtu anaona tena tukio kama vile linafanyika sasa, ama katika ndoto, ama mchana akiwa macho. Anakwepa njia, nguo ao mtu anayemkumbusha. Anashtuka kwa kelele kidogo, anakasirika bure, hapendi tena kuongea na watu. Wengine wanaumwa kichwa na tumbo, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu. Mtoto anaanza tena kukojoa kitandani, ao kushikamana na mama yake saa zote.

Katika wiki za kwanza, karibu kila mtu anapata dalili hizo, na wengi wanapona polepole wakiwa na jamaa yao. Lakini zikipita mwezi mmoja, ao zikimzuia mtu kufanya kazi, kula ao kulea watoto, njo wakati wa kutafuta msaada.

Shida ni kwamba hapa kwetu majibu ya haraka ni haya: «Iko na pepo», «Balimuloga», «Weye ni mwanaume, haulie.» Mtoto mwenye kukojoa kitandani anaweza hata kuitwa mulozi, na kupigwa ao kufukuzwa nyumbani. Hapo anapata jeraha la pili juu ya lile la kwanza.

Jambo lililoonekana Kivu

Mwaka 2013, jarida la waganga la Marekani New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, kwa wanawake walioumizwa na ubakaji wa wakati wa vita. Wanawake 157 walifuata tiba ya mazungumzo katika vikundi vidogo. Wengine 248 walipata msaada wa kawaida, maana yake mtu wa kuwasikiliza na kuwafariji mmoja mmoja.

Pande zote mbili ziliendelea afadhali. Lakini miezi 6 nyuma ya tiba kuisha, katika vikundi vya tiba wenye dalili za huzuni kubwa ao wasiwasi walibaki 9 kwa 100. Kwa waliofarijiwa tu, walikuwa 42 kwa 100. Kufariji kunasaidia, ila tiba yenye mpango inafika mbali zaidi.

Waliotoa tiba hiyo hawakuwa waganga. Walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma sekondari, wakapewa mafunzo na kufuatiliwa na wataalamu. Na kwa sababu wengi wa waliotibiwa hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa.

Tiba inafanya nini?

Inaanza na mawazo yaliyokwama. Mwanamke anasema: «Mimi njo mwenye kosa, kama singeenda shambani ile siku.» Msaidizi hamwambii «usifikiri vile». Anamuuliza: Nani alikuwa na bunduki? Ulijua kama wako njiani? Ulienda shamba kutafuta nini? Polepole mtu anatofautisha tukio lenyewe, mawazo yake juu ya tukio, na uchungu unaotoka katika mawazo hayo. Kosa linarudi kwa mwenye kulifanya.

Kuna njia nyingine iliyotumiwa na wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali katika kambi ya Nakivale, Uganda. Mtu anatandika kamba chini kama njia ya maisha yake. Anaweka jiwe pahali pa kila jambo baya, na ua pahali pa kila jambo zuri. Halafu anaeleza kila jiwe kwa mpango, akiwa na msaidizi aliyefundishwa, mpaka tukio linachukua nafasi yake katika wakati uliopita.

Mambo ya kufanya nyumbani

Woga ukipanda, kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, mara kumi. Taja vitu vitano unavyoona. Hiyo inakumbusha mwili kama uko hapa, leo.

Shika saa za kulala, kula na kazi. Tembea, lima, imba na wenzako. Lutuku na vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila karatasi ya muganga vinaficha uchungu kidogo tu, halafu vinauongeza.

Wewe jirani, sikiliza bila kumlazimisha mtu kueleza yote. Usiseme «sahau tu». Muulize anahitaji nini leo: maji, mtu wa kulala naye nyumbani, ao mwenzake wa kumsindikiza hospitali. Maombi yanatia wengi nguvu, lakini yasizuie tiba, na mtoto asifungishwe chakula.

Wapi kwenda

Anza na kituo cha afya cha karibu, ao uliza reko wa kartie yako. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili Dr Joseph Guislain cha Ndugu wa Upendo. Bukavu kuna Sosame, na Goma kuna Tulizo Letu. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inatibu wanawake waliobakwa mwili na moyo pamoja.

Aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia ukimwi. Hata saa hizo zikipita, aende, kwa sababu matibabu mengine yanabaki.

Na mtu akisema anataka kufa, msadiki. Usimwache peke yake, ondoa sumu, kamba na visu karibu naye, na umpeleke kwa muganga siku ileile.