Pikipiki Inayoinuka Ukiongeza Mafuta

Hapa Nairobi ukitaja Boxer, mtu anaona boda ya Bajaj: silinda moja, cheni nyuma. Mimi nataka Boxer nyingine, ya Munich, 1923. Mkataba wa Versailles ulikuwa umewakataza Wajerumani kuunda injini za ndege. BMW, waliokuwa wakila kwa injini hizo, wakamgeukia fundi wao Max Friz, naye akatoa R32: silinda mbili zimelala, moja kila upande, na badala ya cheni, shafti, kama propela ya lori. Hakuna cheni ya kulegea wala kupaka grisi.

R32 haikuwa na springi nyuma, kwa hivyo ilitulia. Shida ililetwa na starehe. Mwaka wa 1955 BMW waliweka mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, shafti ikipita ndani yake.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, kwa hivyo nitaeleza kigereji. Mwisho wa shafti kuna pinioni inayozungusha kraunwili. Ukifungua mafuta, pinioni inajaribu kuipanda kraunwili, na mkono unainuka upande wa fremu. Kiti kinapanda nawe. Ukifunga mafuta, kila kitu kinashuka.

Kwenye barabara nyoofu hiyo ni vichekesho tu. Kwenye kona ni mambo mengine. Umeingia na kasi, umeogopa, unafanya kile kila mtu angefanya: unafunga mafuta. Nyuma inazama wakati umelala, na zile silinda za pembeni zinasogea karibu na lami. Zikigusa sana, gurudumu linabebwa, umeanguka. Ndiyo maana waendeshaji wa shafti walifunga breki kabla ya kona, kisha wakashikilia mafuta yaleyale hadi mwisho. Hiyo haikuwa mbwembwe, ilikuwa kuishi.

Wajerumani wenyewe waliibandika jina Gummikuh, ng'ombe wa mpira. Na bado Hubert Auriol alishinda Paris–Dakar ya 1981 juu ya ng'ombe huyo.

Dawa ilikuja 1987, Paralever: kiungo cha pili karibu na gurudumu, na fito inayoifunga difu kwenye fremu, ili ile nguvu ya kupanda isiuinue mkono. Uzito na bei navyo vikapanda. Fundi wa stejini ataendelea na cheni yake.