Kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani na Msafara wa Bonde la Kilombero

Katika hadithi zilizofasiriwa kwa Kiswahili wakati wa utawala wa Waingereza, ni chache zilizosomwa shuleni kwa hamu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. H. Rider Haggard alikitoa kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 1885. Frederick Johnson alikifasiri, na tafsiri yake ikapigwa chapa mwaka 1929, muda mfupi baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Johnson akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha. Kwa hiyo kitabu hiki hakikuwa burudani tu. Kilikuwa pia mfano wa lugha ambayo wanafunzi walitakiwa kuiandika. Yamkini ndiyo sababu ufasaha wake ulisifiwa sana, na maana yake haikuulizwa sana.

Msomaji atakumbuka ya kwamba Wazungu watatu, Quatermain, Curtis na Good, wanavuka jangwa na milima kumtafuta ndugu aliyepotea, wakifuata ramani ya Mreno wa kale. Pamoja nao yumo mtumishi mmoja mrefu, mwenye kiburi cha ajabu kwa mtu wa kazi yake, jina lake Umbopa. Huyo ndiye Ignosi, mwana wa mfalme aliyeuawa. Mama yake alimkimbiza akiwa mchanga ili kumwepusha na Twala, baba yake mdogo, aliyenyakua kiti. Alikulia ugenini bila jamaa, akafanya kazi za watu, akangoja. Kwa hakika yeye ndiye mfukuzwa wa hadithi hii, na kama mwandishi angalitaka, kitabu kizima kingalikuwa chake.

Lakini tazama anayepewa shida ya chini ya ardhi. Baada ya Ignosi kurudishiwa ufalme, ni wale Wazungu watatu wanaoshuka pangoni pamoja na Gagool, mchawi mkongwe, na Foulata, msichana aliyemwuguza Good. Gagool anawafungia mlango wa mwamba, anamchoma Foulata kisu, na mwamba ule ule unamponda yeye mwenyewe. Watatu wanabaki gizani na masanduku ya almasi yasiyoweza kuwapa hata funda la maji. Sehemu hii imeandikwa vizuri mno, nami sioni haya kuisifu: jinsi wanavyohesabu viberiti, jinsi wanavyotambua ya kwamba hewa haichafuki na kwa hiyo lazima iwe na pa kuingilia, jinsi wanavyotambaa hadi tundu la mnyama na kuona nje. Hata hivyo Foulata anakufa akisema ni heri afe, kwa kuwa yeye mweusi na mpenzi wake mweupe wasingeweza kuoana. Mwandishi amemtilia marehemu kinywani sheria ya wakoloni, kisha amemzika papo hapo ili isibishaniwe.

Katika historia ya nchi yetu chini ya ardhi palikuwa na kazi nyingine. Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mahandaki marefu, wakaingiza humo watu na mifugo wakati wa mashambulio ya Wamasai na vita vya watawala wao wenyewe. Hapakuwa hazina ila roho za watu. Haggard alikaa Natal na Transvaal kuanzia 1875 hadi 1881, na pango lake ni pango la mtu aliyeishi karibu na machimbo ya almasi.

Mahali panaponivuta zaidi katika kitabu ni pale pa kuagana. Wageni wanamwambia Ignosi ya kwamba wanataka kurudi kwao, naye anawalaumu: kumbe mawe yale yang'aayo wameyapenda kuliko rafiki yao. Kisha anatangaza ya kwamba Mzungu mwingine hataivuka milima kuja kufanya biashara. Wasomaji wengi huyapita maneno hayo haraka, kwa kuwa mwisho u karibu. Mimi naona ndiyo hukumu ya kitabu kizima, nayo imetolewa na mtu pekee mwenye haki ya kuitoa.

Sasa tuje huku kwetu. Msomaji wa Namawala, magharibi mwa Ifakara, ana milima ya Udzungwa upande mmoja na bonde la mafuriko upande wa pili. Akiusoma ukuta wa milima ya Sulemani hana haja ya picha. Lakini jambo lenyewe si sura ya nchi tu. Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London uliondoka Dar es Salaam. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikufa Behobeho tarehe 28 Juni. Uongozi ukamwangukia kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, aliyeuongoza msafara kupitia nchi ya Mahenge hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Sidai ya kwamba alikanyaga Namawala. Huko Mahenge aliwakuta watu waliojipamba na kupigana kwa desturi za Kingoni, ambazo asili yake ni kusini, kwa Wazulu. Nao Wakukuana wa Haggard wamechorwa kwa mfano wa Wazulu hao hao. Miaka michache baadaye Thomson alisimulia jinsi alivyowashangaza Wamasai kwa kung'oa meno yake ya bandia, na katika Mashimo, Good anafanya mzaha uo huo.

Je, kijana huyo aliyefiwa na mkubwa wake aliokolewa na nani? Kiongozi wa wapagazi alikuwa James Chuma, Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na kutiwa katika msafara wa watumwa. Mwaka 1861 Livingstone na wamisionari walimfungua karibu na mto Shire. Alisomeshwa Bombay, akafuatana na Livingstone tangu 1866, na Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake na kuuchukua mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Urafiki huo haukuwa na almasi mfukoni. Thomson mwenyewe aliandika kwa sifa juu ya kazi ya Chuma; aliyejua lugha, njia na tabia za watu alikuwa Chuma, na kijana yule alikuwa mgeni wake.

Ignosi alirudi kwao akapata kiti. Chuma hakurudi kwao. Behobeho kuna kaburi la Frederick Selous, mwindaji aliyedhaniwa na wengi kuwa kielelezo cha Quatermain, aliyeuawa hapo kwa risasi tarehe 4 Januari 1917. Pori kubwa likaitwa kwa jina lake tangu 1922, na sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Maji ya Kilombero huungana na ya Luwegu, yakawa Rufiji, na kupita katika pori hilo. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Haggard kutoka.