Televisheni ya Barabara ya Queen: Historia Fupi ya Citytv ya Toronto

Mnamo tarehe 28 Septemba 1972, katika jumba namba 99 la Barabara ya Queen upande wa mashariki, mjini Toronto, jumba ambalo hapo kabla lilikuwa ukumbi wa dansi ulioitwa Electric Circus, ilianza kutangaza stesheni ya televisheni iliyokuwa na mali haba, mitambo hafifu, na masafa ambayo hapana tajiri aliyeyatamani. Nayo ikaitwa Citytv. Kwetu sisi wenye asili ya Afrika Mashariki, sadfa ya tarehe hiyo haipiti hivi hivi, kwani katika siku zizo hizo za mwisho wa Septemba ndege ya kwanza iliyochukua Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin ilitua Montreal, na katika wale zaidi ya elfu nne waliokuja kwa ndege za kukodi wako waliofika Toronto wakaweka maskani. Stesheni haikuwajua, wala wao hawakuijua. Walakini mji ambao Citytv ilikusudia kuutumikia ulikuwa ukigeuzwa sura na watu wa namna yao, na kwa rai yangu historia ya taasisi hii haieleweki ila kwa kuzitazama habari hizo mbili pamoja.

Televisheni yenyewe haikuwa ngeni Toronto. Shirika la taifa, CBC, lilifungua stesheni yake ya CBLT tarehe 8 Septemba 1952, siku mbili baada ya ile ya Montreal, na yasimuliwa kwamba alama ya shirika, iliyokusudiwa kuwa picha ya kwanza kuonekana, ilitokea kichwa chini miguu juu. Siku hiyo hiyo genge la Edwin Boyd, wanyang'anyi wa mabenki waliokuwa gumzo la mji mzima, lilitoroka gereza la Don, hata ikawa kana kwamba majambazi hao wameifanyia televisheni changa hisani ya kuipatia habari yake ya kwanza. Akaja Percy Saltzman na ubao na chaki, akichora pepo na mawingu ya kesho, na kila amalizapo huirusha chaki juu akaidaka. Hayo yalikuwa mambo ya kupendeza. Lakini sauti ya shirika, lililokuwa likikaa Barabara ya Jarvis, ilikuwa sauti ya mwalimu mwenye heshima zake aliyeketi nyuma ya meza, na aketiye nyuma ya meza ile aghalabu alikuwa mwanamume, mweupe, mwenye tai.

Waasisi wa Citytv walikuwa wanne: Phyllis Switzer, Moses Znaimer, wakili Jerry Grafstein, na Edgar Cowan. Ni desturi ya watu kumtaja Znaimer peke yake, naye hakika alikuwa mtu wa kutajika, mzaliwa wa Kulob katika Tajikistan, mtoto wa wazazi walioikimbia vita. Walakini insafu yadai atangulizwe Bibi Switzer, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona thamani ya kitu kilichotupwa. Kitu hicho kilikuwa chaneli ya 79. Seti za zama zile zilikuwa na kifundo kilichoishia chaneli ya 13. Aliyetaka kupanda juu ya hapo alihitaji kifundo cha pili, na seti nyingi za zamani hazikuwa nacho, na zilizokuwa nacho zilipata picha iliyojaa chenga. Kwa hiyo wenye fedha waliyapuuza masafa hayo. Bibi Switzer, ambaye mumewe alikuwa mhandisi wa televisheni za waya, alijua kwamba nyumba za Toronto zilikuwa zikiunganishwa kwa waya kwa wingi, na kwamba picha ikishaingia ndani ya waya, chaneli ya 79 haina unyonge wowote mbele ya chaneli ya 6. Leseni ikatolewa Novemba 1971. Miaka minne baada ya kufunguliwa stesheni, ulikamilika mnara wa CN, wenye kimo cha mita 553, ambao sababu mojawapo ya kujengwa kwake ni kwamba majumba marefu yalikuwa yakizuia mawimbi ya matangazo, na Citytv nayo ikapata nafasi ya kutangaza kutoka huko juu.

Ama mwendo wa stesheni katika miaka yake ya awali, ulikuwa mwendo wa mwenye dhiki anayejitahidi asionekane kuwa na dhiki. Usiku wa manane wa Ijumaa ilikuwa ikionyesha filamu ambazo adabu yatukataza kuzieleza, na mji uliokuwa ukijisifu kwa makanisa yake ulizilaani asubuhi baada ya kuzitazama usiku. Sifa hiyo ya utundu ilienea hata David Cronenberg, mtengenezaji filamu wa Toronto, akaifanyia mfano katika filamu yake Videodrome ya mwaka 1983, ambamo mna stesheni ndogo iitwayo Civic TV, ya chaneli ya 83, na mkubwa wake asiyeshiba vya kushitua. Fedha, hata hivyo, hazikutosha. Mwaka 1975 asilimia 45 ya hisa iliuzwa kwa kampuni ya Multiple Access, na mwaka 1978 sehemu hiyo ikaingia mikononi mwa CHUM, kampuni ya redio ya Allan Waters, ambayo kufikia mwaka 1981 ilikuwa imeimiliki stesheni yote.

Lakini kabla CHUM haijafika, lilikwisha kutendeka jambo ambalo ndilo kiini cha habari yetu. Mnamo Septemba 1977 ilianzishwa taarifa ya habari ya CityPulse, na ndani yake meza iliondolewa. Watangazaji walisimama, walitembea, waliegemea dawati la mwenzao lililojaa karatasi, na nyuma yao wakaonekana watu wakipiga simu na kuhariri mikanda, kwa kuwa chumba cha habari chenyewe ndicho kilichokuwa studio. Waandishi walipelekwa mitaani na kamera za kubebeka, wakawa hawawasimulii watazamaji habari ya moto bali wanasimama mbele ya moto. Wako waliosema huo ni ufundi mpya, na wako waliosema ni ubahili uliovishwa nguo ya ufundi; mimi nasadiki yote mawili, wala sioni kwamba moja lalibatilisha la pili.

Na mtu akienda mtaani Toronto na kamera, atakutana na nani? Barabara ya Queen yenyewe ilikuwa jibu. Stesheni iliyoufanya mtaa kuwa studio yake isingaliweza kuendelea kwa muda mrefu na watangazaji wa sura moja pasipo kuonekana kichekesho. Jojo Chintoh, mzaliwa wa Ghana, alikuwa kwa miaka mingi mwandishi wake wa habari za mji, katika zama ambazo Mwafrika kwenye kioo cha televisheni ya Kanada alikuwa nadra. Mwaka 1984 aliajiriwa David Onley, aliyepata polio utotoni na kutembea kwa shida, ili asome hali ya hewa. Naye akaonekana mzima mzima pamoja na kigari chake, jambo ambalo stesheni nyingine zingalificha kwa kukata picha kifuani, na mwaka 2007 akawa Luteni Gavana wa Ontario, mwakilishi wa Malkia. Wa kwetu nao hawakukosa. Ali Velshi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1969 na kulelewa Toronto, alitangaza habari za biashara katika CablePulse24, stesheni ya habari ndugu ya Citytv iliyofunguliwa mwaka 1998, kabla ya kwenda zake Marekani kwenye CNN. Na Irshad Manji, aliyezaliwa Uganda na kuletwa Kanada utotoni baada ya mafukuzo ya 1972, aliongoza kipindi chake mwenyewe katika Citytv.

Mwaka 1987 stesheni ilihamia namba 299 ya barabara ile ile, upande wa magharibi, katika jumba lililojengwa mnamo 1913 kuwa nyumba ya vitabu ya Wamethodisti, lenye nakshi za waandishi na wasomaji zilizochongwa ukutani. Znaimer alilitia waya na matundu ya kuchomekea kamera katika kila pembe, ngazini, kwenye paa, hata maegesho, ili pasiwepo mahali pasipofaa kutangazia. Na katika ukuta wa mashariki likapachikwa gari la habari kana kwamba linatoboa tofali kutoka ndani. Kipindi cha dansi kilichokuwa kikitangazwa humo kilirithi jina la ukumbi wa kale, Electric Circus, na vijana waliokosa nafasi ndani walicheza nje ya madirisha.

Hapo pembeni kikawekwa kibanda kidogo chenye kamera, kilichoitwa Speakers' Corner kwa kufuatisha ile pembe ya wasemaji ya Hyde Park, London. Mtu alitia dola moja, fedha iliyokwenda kwenye sadaka, akasema alilonalo kwa muda mfupi, naye akibahatika angejiona katika kipindi cha juma. Walikuja wenye kumlalamikia meya, wenye kuposa, walevi, washairi, wenye chuki, na vijana wa bendi ya Barenaked Ladies wakaimba humo wakati hawajawa na jina. Nimewahi kusikia kibanda hicho kikidharauliwa kuwa mchezo wa watoto. Lakini tuulize ni stesheni gani nyingine ya zama zile iliyomwachia mpita njia kamera bila ya kumwuliza anataka kusema nini.

Znaimer aliondoka mwaka 2003. Mwaka 2007, baada ya CHUM kununuliwa na wenye mtandao wa televisheni wa CTV, tume ya utangazaji ya Kanada, CRTC, ilikataa bwana mmoja kumiliki stesheni mbili kubwa katika mji mmoja, na Citytv ikauzwa kwa kampuni ya Rogers kwa dola milioni 375. Jumba la nakshi halikuuzwa pamoja nayo. Kibanda kilinyamazishwa mwaka 2008, na mwaka 2009 watu wa stesheni walihamia Barabara ya Dundas, mkabala wa uwanja ambao baadaye baraza la mji liliamua uitwe Sankofa, jina la Kiakan kutoka Ghana. Januari 2010 wafanyakazi wengi waliachishwa kazi na taarifa kadhaa za habari zikafutwa.

Walakini Septemba 2017, Rogers walipofungua taarifa za habari za Citytv, ziitwazo CityNews, katika miji ya Edmonton na Winnipeg, walizifungua bila ya meza wala msomaji wa habari wa kuketi nyuma yake, wakawatuma mitaani waandishi wenye kubeba kamera zao wenyewe. Wakubwa wa kampuni walieleza kwamba huo ni mtindo mpya.