Bingwa wa dunia wa snuka 1952: ni nani hasa?

Wadau, leo tuachane na soka kidogo. Nina swali linaloonekana jepesi: Mwaustralia wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa snuka ni nani?

Mei 2010, Neil Robertson alimshinda Mskoti Graeme Dott kwa fremu 18 kwa 13 katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, na swali hilo likaibuka. Ukipitia orodha ya mabingwa utamkuta Mwaustralia mwingine, Horace Lindrum, kwenye mwaka 1952. Kwa hesabu hiyo Robertson ni wa pili. Lakini wapo wapenzi wengi wa snuka wasiomhesabu Lindrum kabisa. Kwao, Robertson ndiye wa kwanza. Sasa inakuwaje mtu awe bingwa wa dunia, halafu watu wakatae kwamba alikuwa bingwa?

Kwa wale wanaojua pool tu, ile ya baa zetu za mtaani, snuka ni kaka yake mkubwa. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Kuna mipira 15 myekundu, 6 ya rangi nyingine, na mmoja mweupe ambao ndio unaopigwa kwa fimbo. Mipira ikiisha mezani fremu imekwisha, inapangwa upya. Mchezo ulianzia India mwaka 1875, kwenye mabwalo ya maafisa wa jeshi la Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa biliadi waliuona kama mchezo wa kupotezea muda tu.

Mtu aliyeubadilisha ni Joe Davis. Mwaka 1927, yeye na Bill Camkin, aliyekuwa na ukumbi wa biliadi Birmingham, waliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa wachezaji wa kulipwa kwa idhini ya chama kilichosimamia biliadi. Davis alimshinda Tom Dennis 20 kwa 11 kwenye fainali. Zawadi yake ilikuwa paundi 6 na shilingi 10. Sehemu ya mapato ya mlangoni ilitumika kununua kombe, na kombe hilohilo ndilo bingwa wa dunia anakabidhiwa hadi leo.

Tusilipite hilo haraka. Wachezaji ndio walioanzisha wazo, na watu waliolipa kiingilio walikuja kuwaona wachezaji. Lakini kombe na jina la ubingwa vilikuwa mikononi mwa chama. Mbegu ya ugomvi ilipandwa siku ya kwanza.

Davis alitwaa ubingwa kila ulipofanyika, kuanzia 1927 hadi 1940. Vita vikasimamisha kila kitu. Mwaka 1946 akacheza tena na kumshinda Lindrum 78 kwa 67 jijini London, likiwa taji lake la 15. Kisha akajiondoa kwenye ubingwa bila kuwahi kufungwa humo. Lindrum alikuwa amepoteza fainali ya tatu kwa mtu yuleyule, baada ya zile za 1936 na 1937.

Davis hakustaafu snuka, alistaafu ubingwa tu. Aliendelea kucheza mashindano mengine na maonyesho, na wengi waliendelea kumwona kuwa ndiye bora kuliko wote. Mabingwa waliofuata, mdogo wake Fred Davis na Mskoti Walter Donaldson, wakajikuta wameshika taji ambalo kila mtu alijua mwenyewe ameliacha kwa hiari. Ubingwa ukaanza kupungua uzito.

Hapo ndipo pesa ilipoingia. Wachezaji walilalamika kwamba chama, Billiards Association and Control Council, kinachukua fungu kubwa mno la mapato. Chama kikawa na msimamo kwamba ubingwa wa dunia kwanza ni heshima, pesa baadaye. Hii lugha tunaijua. Kiongozi akimwambia mchezaji habari za heshima, mara nyingi ujue fungu limeshagawanywa.

Kwa hiyo wachezaji wakasusia. Chama chao kikaanzisha ubingwa wake wa dunia, na karibu kila mtu mwenye jina akaenda huko. Kwenye ubingwa wa chama wakajiandikisha watu wawili tu: Horace Lindrum, na Clark McConachy wa New Zealand. McConachy alikuwa fundi hasa wa biliadi, bingwa wa dunia wa mchezo huo, lakini alikuwa na umri wa miaka 56.

Watu wawili maana yake mechi ya kwanza ndiyo fainali. Walicheza Houldsworth Hall, Manchester, kuanzia mwishoni mwa Februari 1952 hadi mapema Machi. Fainali ilipangwa kuwa ya fremu 145, kwa hiyo anayefikisha 73 ameshinda. Lindrum alizifikisha mapema, lakini wakaendelea kucheza kama desturi ilivyokuwa wakati ule, hadi matokeo yakasomeka 94 kwa 49. Yaani taji lilikwisha kupata mwenyewe, na wazee wawili bado wanapiga mipira. Jina la Lindrum likaingia kwenye orodha.

Huko Blackpool, kwa waasi, Fred Davis alimshinda Donaldson 38 kwa 35. Kama hujali mihuri na unataka kujua tu nani alimshinda nani, bingwa wa 1952 ni huyu.

Historia nayo imewapa waasi haki. Fred Davis anatajwa leo kama bingwa mara nane, na matano kati ya mataji hayo, ya 1952 hadi 1956, ni yale ambayo chama hakikuyatambua. Aliyekuwa na muhuri ndiye anayetiliwa shaka, waliokuwa hawana ndio wanaohesabiwa. Mnaofuatilia ngumi mmezoea: mikanda minne, mabingwa wanne, na mashabiki mtaani wanaye mmoja wanayemjua wao.

Lakini hadithi ya wanyonge kumshinda bwana mkubwa isitupumbaze, maana waasi hawakufika mbali. Donaldson aliacha kugombea baada ya 1954. Chumba chake cha snuka akakigeuza zizi la ng'ombe, na vibao vya mawe vya meza yake akavitandaza kuwa njia. Mwaka 1955 ukumbi mashuhuri wa Leicester Square, London, ukafungwa. Mwaka 1957 Fred hakujiandikisha, wakabaki watu wanne, na John Pulman akatwaa taji kwa kumfunga Jackie Rea 39 kwa 34 kisiwani Jersey. Baada ya hapo kimya. Kuanzia 1958 hadi 1963 hakukuwa na ubingwa wa dunia wa aina yoyote.

Ulirudi mwaka 1964 kwa mtindo wa bingwa na mpinzani mmoja, baada ya juhudi za mchezaji Rex Williams, na safari hii chama kiliridhia. Mwaka 1969 mtoano ukarudi, John Spencer akawa bingwa. Mwaka huohuo BBC ikaanza kuonyesha kipindi cha Pot Black, kwa kuwa snuka ilifaa sana kwa televisheni ya rangi. Pesa ambayo watu waliigombania mwaka 1952 ilikuja baadaye, tena kupitia mlango ambao hakuna upande uliokuwa ukiulinda.

Turudi kwa Lindrum. Wapo wanaotaka jina lake lifutwe. Mimi nasema libaki. Hakuiba kitu. Mashindano yalitangazwa, akajiandikisha, akacheza zaidi ya wiki moja, akashinda. Kama wakubwa walisusia, na walikuwa na sababu nzuri, kususia kwao hakumfanyi yeye kuwa mwongo. Ila jina lake lisisimame peke yake. Mwaka 1952 unahitaji mistari miwili: Lindrum, ubingwa wa chama, washiriki wawili, Fred Davis, ubingwa wa wachezaji.

Kwenye chumba cha habari tunapenda mstari mmoja. Unaingia kwenye kisanduku cha takwimu, hauli nafasi, mhariri hakuulizi. Lakini Lindrum alikaa miaka kumi akimfukuza Joe Davis, akashindwa fainali tatu, na alipolipata taji waliompinga wote walikuwa ukumbi mwingine. Mstari mmoja ukimwita bingwa utamwonea Fred. Ukimfuta utamwonea yeye.

Nyie mnasemaje? Robertson wa kwanza au wa pili?